Dawa Katika Chakula cha Kuku
Tangu watafiti Stokstad na Jukes walipobaini huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki iitwayo aureomaisini walikua upesi, wafugaji wengi walianza kutia antibiotiki katika chakula cha kuku. Kwani dawa hiyo hupunguza vijidudu vinavyogombea lishe na kuharibu nyongo iyeyushayo mafuta, nao utumbo, ukuta wake ukiwa mwembamba, hufyonza chakula kwa wepesi. Lakini vijidudu vinavyosalia huwa sugu kwa dawa, na madhara ya usugu huo hutufikia sisi wanadamu. Kwa sababu hiyo Uswidi ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya mwaka 2006. Banda safi na chanjo ndiyo njia ya insafu. Dawa na iwe ya wagonjwa.