Kushika Shilingi: Makazi, Shule na Usalama katika Ahadi za Wagombea Ubunge wa Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wenyeviti wa mitaa ya Nyamagana na Ilemela, walimu, viongozi wa wavuvi, na ninyi waandishi mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka: nimepewa dakika ishirini nizungumzie vipaumbele vya mgombea ubunge katika makazi, elimu na usalama. Vitatu hivi nimekuwa nikivisoma kwenye vipeperushi vya karibu kila mgombea, wa chama chochote, tangu nianze kupiga kura. Picha hubadilika na rangi hubadilika, lakini kitenzi ni kile kile: nitajenga. Nitajenga madarasa, nitajenga kituo cha polisi, nitajenga barabara ya kupanda mlimani.

Kitenzi hicho si cha mbunge. Anayejenga darasa ni halmashauri, anayechonga barabara ya mtaa ni TARURA, na kituo cha polisi kina wizara yake. Mbunge naye ana vitenzi vyake, ila sisi hatujazoea kumdai kwa hivyo.

Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inavitaja: kumuuliza waziri swali, kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango, kutunga sheria, kuridhia mikataba. Ibara ya 99 nayo inamfunga mikono: hoja ya kutoza kodi mpya au kutoa fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina haijadiliwi bungeni mpaka Rais aipendekeze na waziri aiwasilishe. Kwa hiyo mgombea anayesema ataleta mabilioni anaahidi mali iliyo kwenye funguo za mtu mwingine. Anachoweza kukifanya kwa mikono yake, mwezi wa tano au wa sita kule Dodoma, ni kushika shilingi ya mshahara wa waziri na kukataa kuiachia mpaka apate maelezo. Watu huicheka shilingi hiyo kwa kuwa mara nyingi huachiwa kabla ya jioni. Lakini kabla haijaachiwa, waziri amelazimika kusimama na kusema neno ambalo linabaki kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

Mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Mfuko huo hununua mabati na saruji. Kwa jimbo lenye watu wengi kama Nyamagana, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834, mabati hayo hayafiki mbali.

Mlimani

Nianze na makazi, na hapa nitakaa muda mrefu. Sote tunaujua mji wetu: mawe makubwa, nyumba zimepandana juu yake Mabatini, Igogo, Isamilo, hadi mtu anatandika kitanda usawa wa paa la jirani. Mjini Mwanza maskini ndiye anayekaa juu na kuliona ziwa. Analiona, halafu anabeba ndoo. Gari la zimamoto halipandi, la kuzoa taka halipandi, na mgonjwa hushushwa kwa mabega mpaka barabarani. Mvua ikinyesha, vyoo vya juu hutapishwa na uchafu hushuka kwa walio chini, kisha Mto Mirongo, kisha ziwani, tunakochota maji ya kunywa.

Ahadi ya kawaida kwa watu hawa ni hati. Sijaidharau. Urasimishaji umewapa watu wengi wa Ilemela na Nyamagana usingizi, maana mwenye hati haamki kukuta alama nyekundu ukutani bila mtu wa kuongea naye. Tena Ilemela ilipata bahati ambayo majimbo mengine huiota: mbunge wake, Angeline Mabula, alikuwa naibu waziri wa ardhi, kisha waziri mwenyewe kuanzia Januari 2022 hadi Agosti 2023. Lakini hati haitapishi choo, wala haipanui kichochoro. Kichochoro hupanuka pale majirani wanapokubali kila mmoja kuachia hatua mbili, na makubaliano hayo hufanyika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, siyo Dodoma.

Kilichobadili maisha mlimani kuliko hotuba ni mabomba membamba ya majitaka. Mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, kupitia MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, uliyapitisha kati ya mawe na nyumba ambako mabomba makubwa ya kawaida hayapiti, yakashuka kwa mteremko wenyewe. Ni kazi isiyopendeza kwenye picha za kampeni, maana hakuna utepe wa kukata chooni. Mgombea aulizwe: mtandao huo umeishia nyumba ya nani, na katika bajeti ya Wizara ya Maji utashika shilingi ili upande mpaka wapi?

Sasa tuje kwa mtu ambaye vipeperushi havimtaji kabisa: mpangaji. Mji huu umejaa wapangaji. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, mwalimu mpya. Wengi hulipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kabla ya kuingiza godoro. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984. Bunge likaifuta 2005. Ilikuwa na kasoro zake, wala sidai ifufuliwe kama ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba notisi ya kumtoa mpangaji, malipo ya mbele, risiti, nani anatengeneza paa, hayo ndiyo mambo yanayotungiwa sheria, na kutunga sheria ndiyo kazi tunayomwajiri mbunge aifanye. Mbunge anaweza kuandaa hoja binafsi juu ya mambo hayo bila kumsubiri mfadhili.

Na angalieni LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme: mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Wanatakiwa wamalizane wao kwa wao. Mpangaji wa chumba kimoja Igoma mwenye ujasiri wa kumkata mwenye nyumba shilingi 1,500 simjui. Utaratibu huo ulipita bungeni ndani ya Sheria ya Fedha, wabunge wetu wakiwamo ukumbini. Hapa ndipo Bunge lilipoingia chumbani mwa mtu wa Mwanza kwa hakika, na hakuna jukwaa lililouzungumzia utaratibu huo kama suala la makazi.

Kwa wanaokaa ufukweni, Igombe, Kayenze, Luchelele, sheria yao ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: mita 60 kutoka kwenye maji, pasiwe na shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Mei 2020 ziwa lilijaa kupita rekodi ya 1964 na likaingia majumbani, hivyo mita 60 zikahamia barazani kwa mtu. Zipimwe kutoka maji ya mwaka gani? Swali hilo ni la bungeni moja kwa moja.

Januari 2028

Kwenye elimu nitapita haraka, kwa sababu walimu mliopo mnaijua kuliko mimi. Elimu bila malipo ipo tangu Januari 2016, watoto wamejaa, wengine wanasoma kwa zamu. Fedha ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kiwango tunachokisikia tangu enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, wakati chaki, karatasi na mafuta vilikuwa na bei nyingine kabisa. Mgombea akiahidi madawati, mshukuruni, kisha mwulizeni kiwango hicho. Dawati ni la shule moja. Kiwango ni cha nchi nzima, na hupitishwa mbele ya macho yake kila Juni.

Lipo jambo moja lenye tarehe. Sera mpya ya elimu imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Waliokuwa darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia wanamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Nyamagana na Ilemela zina zaidi ya watu milioni 1.1, na shule za sekondari za kata ambazo hata kundi moja linazibana. Mbunge atakayekuwa ofisini siku hiyo ndiye huyu anayetuomba kura. Mtu anayesema elimu ni kipaumbele chake na hajaitaja Januari 2028 hajaisoma sera, au ameisoma akaona haina makofi.

Ulinzi wa nani?

Usalama una historia yetu wenyewe. Sungusungu, vikundi vya ulinzi wa jadi, walianzia huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ulinzi shirikishi wa leo ni mjukuu wao, pamoja na tabia nzuri na mbaya za babu: unafika haraka, na mara nyingine unahukumu haraka vile vile. Nani anayewakagua vijana wanaotuchangisha na kutulinda? Mbunge si mjumbe wa kamati ya usalama ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya. Anachoweza ni kuuliza.

Kuna imani kwamba jimbo likipata waziri limelamba asali. Mkoa huu umewahi kutoa mawaziri wa Mambo ya Ndani, wakiwamo Lawrence Masha wa Nyamagana, kuanzia 2008, na Charles Kitwanga wa Misungwi, kati ya Desemba 2015 na Mei 2016. Masha aliingia kwenye uchaguzi wa 2010 akiwa na polisi wote wa nchi chini ya wizara yake, na Nyamagana ikamchagua Ezekia Wenje wa CHADEMA. Sababu za kushindwa huwa nyingi, sitajifanya kuzijua zote. Ila nadhani tunasahau jambo moja: mbunge akiwa waziri, hamuulizi tena waziri. Hashiki shilingi, hushikiwa. Jimbo limepata bendera kwenye gari na kupoteza muulizaji.

Tena kwetu usalama hauishii kwa polisi. Pale Igoma wamelazwa watu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilizama karibu na Ukara na watu 228 wakafa. Idadi hizo mbili zikiwekwa pamoja hazihitaji maelezo. Usalama wa majini umegawanyika kati ya wakala wa meli, wizara inayosimamia vivuko, wizara ya uvuvi na polisi wanamaji, na mvuvi wa dagaa anayetoka na taa zake usiku hajui akiibiwa injini katikati ya ziwa ampigie nani. Mgombea anayetangaza kituo kipya cha polisi barabarani aelezwe kwamba wapiga kura wengi wa mialoni yetu wanaibiwa mahali ambapo hakuna barabara.

Ndugu Mwenyekiti, mdahalo wa wagombea ukifika, napendekeza tusiwape dakika kumi za kujieleza. Tuwape swali moja moja, kama wao watakavyotakiwa kuwauliza mawaziri, na kila jibu linaloanza na “nitajenga” lisihesabiwe. Ibara ya 63 na ya 99 nimeziweka kwenye karatasi moja. Nakala ziko kwa katibu hapo mezani. Zikiisha, mwenye simu apige picha.