Nyumba Nayo ni Darasa



Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kutokana na ugonjwa wa korona. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Katika kipindi hicho mimi, mtumishi wa ofisini, nilijikuta mwalimu wa binti yangu wa Darasa la Kwanza. Nimeombwa nieleze niliyojifunza, nami sitaficha makosa yangu.

Nilianza kwa majivuno, nikidhani kwamba ajuaye kusoma ajua pia kufundisha. Kila jioni nilimkaririsha mtoto majina ya herufi kama nilivyokaririshwa mimi. Alizitaja zote bila kukosea. Lakini nilipomwandikia neno "baba", alitamka "be, a, be, a", akanyamaza. Nikamkaripia. Siku moja nilikikuta kitabu chake kimefichwa nyuma ya gunia la mkaa. Nilitambua, kwa aibu, kwamba aliyekuwa akikimbiwa ni mimi.

Nilimpigia simu mwalimu wake. Alinieleza kwa upole kwamba mtoto huanza kusoma kwa sauti za herufi. Sauti huungana zikawa silabi, na silabi zikawa neno. Tukaanza upya: ba, be, bi, bo, bu. Tulisoma maandishi ya mfuko wa unga, tukahesabu vizibo vya soda. Nusu saa tu kwa siku, bila makaripio. Kabla ya shule kufunguliwa, alimsomea bibi yake barua fupi aliyoiandika mwenyewe.

Ndugu zangu, nina mambo mawili ya kusema. Kwanza, ualimu ni fani. Mimi nilishindwa na mtoto mmoja. Mwalimu hukabili makumi ya watoto kwa wakati mmoja. Anastahili heshima yetu. Pili, tuondokane na kasumba ya kudhani kwamba tukishanunua sare na madaftari, wajibu wetu umekwisha. Mwaka 1967, katika "Elimu ya Kujitegemea", Mwalimu Nyerere alitaka shule isitengane na maisha ya jamii. Mfuko wa unga ni sehemu ya maisha hayo.

Shule zilipofunguliwa, sikuiacha ile nusu saa. Nawaomba walimu watueleze namna wanavyofundisha, nasi wazazi tusione haya kuuliza.