Masaa ya Trakta: Tuangalie Nini Kabla ya Kufungua Sanduku



Ile pesa iko kwenye sanduku mnajua namna ilivyopatikana: mihogo ya wamama, jasho la vijana, na msaada wa wafadhili. Tunataka trakta ndogo iliyotumika kwa mashamba yetu ya bonde la Ruzizi. Tuliyoonyeshwa ni ya Japani, imepita miaka 20, na mita yake inasoma masaa 640. Muuzaji anasema bado mpya.

Tugawanye: ni masaa 32 kwa mwaka. Inawezekana, kwa sababu Japani kuna wenye kashamba kadogo ka mpunga wanaoitumia siku chache tu. Lakini mita inabadilishwa, na ikikatika, trakta inaendelea kulima bila kuhesabiwa. Tena kwa nyingi za zamani, mita inafuata mzunguko wa moteri, si saa ya ukutani: moteri ikienda polepole, nayo inahesabu polepole.

Njo maana tuulize chuma. Pedali ya klachi imelika mpaka inang'aa? Basi 640 ni uongo. Mpira mpya kwa pedali ya zamani? Tuulize kwa nini. Matundu ya mikono ya nyuma, pale jembe linafungwa, yakiwa yamepanuka kama yai, imelima sana. Rangi mpya isitufurahishe. Ni kitu rahisi kuliko vyote.

Moteri yenyewe tuiguse kabla haijawashwa. Tukikuta ya moto, turudi siku nyingine, sababu moteri ya mazutu iliyochoka inasumbua ikiwa baridi, lakini ikishapata moto inawaka vizuri tu. Moshi wa buluu usioisha, inakula mafuta yake. Tufungue kifuniko cha mafuta ikiwa inanguruma: ikipuliza upepo kwa nguvu, pistoni na ringi zimechoka. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hapo twende nyumbani.

Kwetu sisi, afadhali trakta ya masaa 2,000 iliyo na daftari la kubadilisha mafuta kuliko hii ya 640 isiyo na karatasi. Moteri ndogo ya mazutu ikitunzwa inapita masaa 3,000.

Muuzaji amekubali turudi Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Tunahitaji wanachama wawili wanaojua moteri. Wajiandikishe kwa mwandishi wetu leo. Mpaka waandike walichokiona, sanduku halifunguliwi.