Nani Atasikia Shauri la Mulipa Kodi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa mugodi na wakaaji wa muji



Tunataka kusema nanyi juu ya kodi. Hatukuja kuwaambia musilipe. Katiba ya 2006, fungu la 65, inasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mukongomani. Lakini fungu la 174 linasema vilevile kama kodi inawekwa na sheria tu. Basi mutu akisimama sokoni ao kwenye kizuizi cha njia, akitaja kiasi anachotaka yeye, nanyi mukibishana, nani atawasikia? Mara nyingi munapelekwa kwa mukubwa wake, katika biro ileile. Ni kesi ya nyani kuhukumiwa na nyani.

Jambo hili si jipya. Zamani za Mufalme Leopold II wazee wetu walilipa kodi kwa mupira wa pori. Sheria ya Novemba 1903 ilisema kazi ya saa 40 kwa mwezi. Ilisema hivyo kwenye karatasi. Katika pori mutu alilala siku nyingi akitafuta kamba za mupira, na wanawake walifungwa mpaka mupira ufike. Na nani alipima saa zile? Yule yule aliyepokea mupira.

Juu ya kelele zilizopigwa Ulaya, mwaka wa 1904 mufalme alituma watu watatu wa sheria: Edmond Janssens wa Ubelgiji, Giacomo Nisco wa Italia na Edmund de Schumacher wa Uswisi. Walifika Boma mwezi wa Oktoba, wakapanda muto, wakabaki Kongo hata Februari 1905. Mufalme mwenyewe aliwachagua, na Nisco alikuwa juji pale Boma. Mutu angeweza kusema: hawa nao watafunika mambo. Lakini hawakuwa wauza mupira. Walikaa, wakasikiliza.

Mukubwa Lontulu wa Bolima alifika mbele yao na vijiti 110. Aliviweka juu ya meza, kijiti kimoja kwa kila mutu wake aliyeuawa juu ya mupira, mafungu mane: wakubwa, vijana, wanawake, watoto. Akataja majina yao, moja moja. Tunapenda sana habari hii. Lontulu hakusema tu “walituua wengi.” Alihesabu.

Ripoti ilitoka Novemba 1905. Ilikubali kama saa 40 hazikufuatwa na kama watu waliteswa. Maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapwa. Yalifungiwa miaka mingi. Wala kodi ya mupira haikuisha mwaka ule. Lakini ripoti ilitoka kwa wajuji aliowatuma yeye, na mufalme hakuweza tena kusema ni uongo wa adui. Mwaka wa 1908 Ubelgiji ulichukua inchi mikononi mwake.

Leo milango iko, hata kama ni myembamba. Sheria ya 2003 juu ya kodi inamupa mulipa kodi ruhusa ya kulalamika kwa maandiko, na akikataliwa, kwenda mbele ya wajuji. Fungu la 19 la Katiba linamupa haki ya kusaidiwa na mutetezi anayemuchagua mwenyewe. Fungu la 27 linasema mutu mumoja ao wengi pamoja wanaweza kuandikia wakubwa wa serikali barua ya maombi, nao sherti wajibu katika miezi mitatu, na hakuna wa kushitakiwa juu ya barua hiyo. Ni wangapi kati yetu wanajua neno hili?

Basi tushike kila kikaratasi cha malipo. Mupokeaji akikataa kukitoa, tuandike siku, saa, mahali, kiasi na majina ya waliokuwapo. Kisha tutafute mutu asiyekula kwenye kodi ile: avoka, mutu wa sendika, mwalimu anayejua kuandika barua. Barua iandikwe mara mbili. Moja ibaki biro, nyingine irudi nyumbani na tampo na tarehe. Wakikataa kupiga tampo, turudi kesho na mashahidi wawili.