Safari ya Familia kwa Treni, na Reli Tuliyoipoteza

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu baada ya chakula cha jioni, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme maneno machache jioni hii, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote isipokuwa siasa na mpira. Kwa kuwa mambo hayo mawili ndiyo peke yake ninayoweza kuyasemea bila kujitayarisha, ilinibidi nikae chini nifikiri. Nimeamua kuwasimulia safari. Si safari ya kikazi, maana za namna hiyo nyote mnazo za kutosha. Ni safari niliyosafiri na familia yangu, kwa fedha zetu wenyewe, tukiwa na mabegi mgongoni.

Wazo lenyewe si langu. Mwenzetu mmoja wa darasa letu, ambaye sasa anaishi Ulaya, aliniandikia kwamba yeye na mkewe na watoto wao walizunguka Italia kwa treni: Milano, Bologna, Firenze, Roma, mpaka Napoli. Kila mtu na begi lake mgongoni, hata mtoto wa mwisho. Walipanda zile treni za mikoa zinazosimama karibu kila kituo, ambazo nauli yake ni nafuu, na walikula mkate na jibini waliyonunua njiani. Akamalizia barua kwa swali moja: "Na wewe, ndugu yangu, watoto wako wameiona nchi yao?"

Swali hilo lilinichoma. Mimi ni mtumishi wa serikali kwa miaka mingi sasa. Nimefika karibu kila mkoa wa Tanzania Bara. Lakini nimefika vipi? Katika gari la ofisi, vioo vimefungwa, na hesabu ya posho mfukoni. Na watoto wangu? Walikuwa wamefika Lindi, Mtwara na Dar es Salaam, basi.

Ndipo, mwezi wa Desemba 2021, nilipochukua likizo. Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na baba yangu mzazi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 78. Nilikuwa sikumpangia Mzee kusafiri. Nilimweleza tu kwa adabu kwamba tutapanda treni ya kwenda Moshi na Arusha. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, mimi sijapanda treni tangu ile ya kwetu. Nitakwenda."

Ndugu zangu, sisi wa bonde la Mbwemkuru, wa Nachingwea na wa Ruangwa, tunaisahau upesi reli hiyo. Naomba niikumbushe kwa ajili ya vijana walio hapa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni 3, ili wananchi wake wapate mafuta ya kula. Mahali palipochaguliwa ni Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari ya maji marefu Mtwara, na ikajengwa reli kutoka pwani, kupitia Ruo, mpaka Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 mradi ule ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli ikabaki, nayo 1958 ikatolewa tawi la kwenda Masasi. Lakini karanga hazikuwako, na mzigo mwingine ulikuwa haba. Mwaka 1962 reli ikafungwa. Mwaka 1963 ikang'olewa, chuma na mataruma, kilichobaki ni tuta. Wengi wetu tulichezea tuta hilo utotoni bila kujua ni la nini.

Basi, tulifunga safari. Sharti langu lilikuwa moja: kila mtu abebe mzigo wake, na asichukue asichoweza kukibeba. Mke wangu alipika ming'oko na kukaanga korosho. Mzee alilikataa begi la mgongoni, akasema hilo ni la askari. Alichukua kikapu chake cha ukindu na bakora.

Kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam tulikwenda kwa basi. Tulipolivuka daraja la Mbwemkuru, katika barabara ya Lindi na Kilwa, Mzee alivua kofia yake, akaivaa tena tulipofika ng'ambo. Tulipofika Rufiji aliwaonyesha wajukuu Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, akawasimulia kivuko cha Ndundu na wiki ambazo abiria walilala ukingoni mto ulipofurika. Watoto walimsikiliza kama mtu anayesimulia hadithi za sungura na fisi.

Siku ya pili yake tulipanda treni Dar es Salaam, daraja la tatu. Nataka niseme ukweli: mke wangu alipendekeza daraja la pili, naye alikuwa na haki, kwa sababu viti vya daraja la tatu si vya kumlaza mzee wa miaka 78. Mzee ndiye aliyekata shauri. Alisema amekuja kuona watu.

Na watu tuliwaona. Alikuwako mama mmoja aliyekuwa akirudi Same na mabeseni, ndoo na magunia ya bidhaa za duka lake. Nilimwuliza kwa nini hakupanda basi, ambalo lingemfikisha mapema. Akanitazama kwa huruma, akajibu, "Baba, basi litanichukua mimi. Nani atayachukua magunia?" Alikuwako kijana aliyekuwa akimpeleka bibi yake Moshi kwa matibabu ya macho, na bibi huyo asingeweza kukaa kwenye basi kutwa nzima bila kunyosha miguu. Walikuwako wanafunzi wengi wa kwenda likizo.

Binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 14, alikaa dirishani na daftari. Sikumtuma; ni tabia yake tu. Kila kituo aliandika jina lake, na kando akaandika idadi ya watu waliopanda na walioshuka, kwa kadiri alivyoweza kuwaona. Pugu, Ruvu, Wami, na kuendelea. Nilimwona nikacheka, nikasema huyu atakuwa karani.

Ruvu ndipo njia inapoachana na Reli ya Kati na kushika kaskazini kwenda Mnyusi, kuungana na reli ya Tanga. Kipande hicho, kilomita 188, kilifunguliwa 1963. Tulipokiingia, jua lilikuwa linatua. Mzee alikuwa amesinzia; akaamka, akauliza tumefika wapi. Nilipomwambia, alikaa sawasawa. Akasema kwamba jamaa zake waliofanya kibarua cha kung'oa reli Nachingwea waliambiwa kwamba vyuma vile vinaletwa huku, kujengea njia hii. "Iliondoka kwetu mwaka huo huo," akasema. Kisha akapiga sakafu ya behewa kwa bakora yake, mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Usiku ule, baada ya kuvuka Wami, watoto wadogo wakiwa wamelala juu ya mabegi, Mzee alinieleza jambo ambalo katika miaka 42 ya maisha yangu hajapata kunieleza. Mimi nilikuwa najua kwamba baba yangu ni mkulima, na kwamba alipenda sana kusoma. Sikujua kwamba mwishoni mwa 1962 alichaguliwa kwenda kusomea ualimu. Barua ilimtaka afike chuoni Januari. Miaka ya nyuma, kijana wa Nachingwea aliyekuwa na safari ya pwani alikwenda stesheni na sanduku lake, mvua inyeshe isinyeshe. Januari ile hapakuwa na treni, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na malori yalikuwa yamezama matopeni. Alikwenda kwa miguu, akangoja, akapanda lori, likakwama, akaenda tena kwa miguu. Alifika amechelewa zaidi ya wiki mbili. Nafasi yake alikuwa amepewa mtu mwingine.

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Ningewaambia ili iweje? Nyinyi nimewasomesha." Akaongeza maneno haya, ambayo ndiyo hasa yaliyonisimamisha mbele yenu leo: "Wale walipofunga treni walihesabu karanga, wakaona hazipo. Walihesabu sawasawa. Ila mimi sikuwa karanga."

Ndugu Mwenyekiti, sikulala usiku ule, na sababu yake si kiti cha daraja la tatu. Miaka miwili kabla ya safari hiyo niliketi katika kamati moja iliyotayarisha maelezo kuhusu mahitaji ya usafirishaji kusini. Mimi ndiye niliyeandika majedwali. Niliweka tani za korosho, tani za ufuta, tani za mbaazi, na saruji. Niliweka na madini, kwa kuwa madini ya kinywe ya Ruangwa yanasemwa sana siku hizi. Kazi ile ilisifiwa. Katika kurasa zake zote hapakuwa na safu hata moja ya abiria. Hakuna aliyenikataza kuiweka. Mimi mwenyewe, mtoto wa Nachingwea, mwenye shahada ya chuo kikuu, sikuikumbuka.

Tulifika Korogwe usiku. Wauza machungwa na mayai walizunguka madirisha na taa zao. Binti yangu alikuwa amechoka na macho yanamfumba, lakini kalamu ilikuwa bado mkononi. Nikaona amejaribu kuhesabu, akakata, akajaribu tena, akakata. Mwisho aliandika neno moja tu: "Wengi." Nilitazama daftari lile kwa muda mrefu. Jedwali nililokosa kuliandika mimi, mtoto alikuwa ameliandika kwa kalamu ya risasi.

Asubuhi tuliuona Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kilele cheupe juu ya mawingu, na behewa zima likanyamaza. Mdogo wangu wa mwisho, wa miaka 7, alimwuliza babu yake kama mlima ule ni wetu pia au ni wa Wachaga peke yao. Mzee akamjibu kwamba kwa kuwa amekuja mwenyewe kuutazama, sasa ni wake. Mengine ya safari hiyo, Moshi, Arusha, na jinsi tulivyonyeshewa hata mikate ikalowa, nayaacha, kwa maana namwona Katibu anatazama saa.

Baba yangu alifariki 2023. Mwaka uliofuata treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nasi tuliipanda, watoto na mabegi yao yale yale. Ni treni nzuri, na kwa muda usiofika saa nne tulikuwa Dodoma. Binti yangu alijaribu kuhesabu watu, akashindwa kwa sababu ya mwendo. Nilifurahi kuwa hivyo ndivyo alivyoshindwa, na si kwa kukosa watu wa kuhesabu.

Ndugu zangu, nina mambo matatu ya kuwaomba, kisha nitakaa.

La kwanza: safirini na familia zenu. Si lazima iwe Italia. Chukueni begi, pandeni chombo kinachosimama kila kituo, na mketi pamoja na watu wengine. Na kama mna wazazi hai, wachukueni. Kuna maneno ambayo mzee hawezi kuyasema sebuleni, lakini katika behewa usiku atayasema. Mimi nilikuwa nikiahirisha kila mwaka, nikisema mwakani. Kama ningesema mwakani mara mbili zaidi, nisingeyasikia.

La pili: waulizeni wazazi wenu walifikaje shuleni, au kwa nini hawakufika, myaandike na kumpelekea mhariri wa gazeti letu hili. Historia ya reli ya kusini imeandikwa kwa pauni na ekari. Ya watu waliokuwa wakingoja stesheni hatujaiandika, na wanaoijua wanapungua kila mwaka.

La tatu ni kwa wale walio katika ofisi kama mimi. Kwa muda mrefu pamekuwapo mipango ya reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na mazungumzo yake ni ya makaa ya mawe, chuma na madini mengine. Mzigo ni muhimu. Bila mzigo reli hufa, sisi tumeshuhudia. Lakini jedwali likifika mezani kwako, ndugu yangu, tazama kama lina safu ya abiria. Kama halina, iongeze. Mimi nimekwisha kuiongeza katika maelezo yote yaliyopita mkononi mwangu tangu wakati ule, na nikiulizwa ni nani aliyeagiza, najibu kwamba ni mzee mmoja wa Nachingwea aliyechelewa chuoni.