Bei ya Ghalani, Bei ya Shambani: Ruzuku ya Mbolea katika Kaunti ya Nyeri



Septemba 2022, Serikali ya Kitaifa ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 2,500. Wakulima waliandikishwa, wengi wao kupitia kwa machifu na manaibu wao, kisha wakapokea vocha kwa simu za mkononi. Huo ni msaada wa kweli na sitaubeza. Hoja yangu ni kwamba bei inayotangazwa ni ya ghalani, mbolea inakochukuliwa, ilhali mkulima hulima kwa bei ya shambani.

Tuseme mbolea ya serikali ni nafuu kwa shilingi 1,000 kuliko ya dukani. Mama mwenye robo tatu ya ekari huko Othaya anahitaji mfuko mmoja. Akilipa nauli ya matatu, ya mzigo na ya bodaboda, jumla 600, ruzuku yake imebaki 400, na siku ya palizi imempita. Mwenye shamba la ngano Kieni anakodi lori la mifuko 40. Usafiri ukimgharimu 100 kwa mfuko, anabaki na 900 kwa kila mmoja. Sheria haikumbagua yeyote, lakini umbali umebagua. Katika kaunti ambayo mashamba yamegawanywa kutoka baba hadi wana, kizazi baada ya kizazi, wanaofanana na mama huyu ndio wengi.

Mwaka 2024, mifuko isiyofikia viwango iligunduliwa katika mpango huu, na taifa likadai kujua kilichomo ndani. Tulidai haki yetu. Lakini mbolea halisi nayo inaweza kuwa mbolea isiyofaa. Udongo mwekundu wa miteremko ya Nyeri yenye mvua nyingi, Tetu, Mathira na Mukurwe-ini, aghalabu una asidi. Amoniamu iliyomo katika mbolea aina ya DAP huongeza asidi hiyo msimu baada ya msimu. Asidi ikizidi, alumini na chuma vya udongoni huishika fosforasi, mizizi isiipate. Mkulima wa huko anahitaji kupimiwa udongo na kupewa chokaa kabla ya kuongezewa mfuko mwingine.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia Serikali ya Kitaifa sera ya kilimo, na kazi yenyewe ya kilimo likazipa kaunti. Basi fedha za ruzuku zifuate mgawanyo huo: kaunti ipime udongo, iamue aina ya mbolea na kiasi cha chokaa. Usambazaji uende kwa vyama vya ushirika. Katika maeneo ya kahawa kuna viwanda vyenye mizani, madaftari ya wanachama na makarani wanaowajua kwa majina. Nayo majani chai yana vituo vyake vya kununulia. Baadhi ya vyama vimeshatumika kusambaza mbolea hii. Usambazaji huo ugeuzwe kuwa utaratibu wa kudumu, nao wasio na kahawa wala chai waruhusiwe kuchukua hapo.

Najua pingamizi: ushirika wetu umewahi kufilisiwa na viongozi wake. Ndiyo maana orodha ya waliopokea ibandikwe ukutani, majirani waikague. Na tupime mafanikio kwa gharama ya mfuko ukifika shambani, na kwa mavuno yake. Idadi ya mifuko iliyotoka ghalani ni hesabu ya ghala tu.