Mpeni Maji Mnayokunywa Ninyi

Mazungumzo ya Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri na wakazi wa kata kuhusu kazi ya wasaidizi wa utafiti wa maji ya kunywa



Nimeombwa niwaeleze kazi ya vijana wanaopita katika kaya wakiwa na chupa ndogo, kisanduku chenye barafu na daftari. Wapo waliowadhania kuwa wasoma mita, wapo waliowadhania kuwa wadai wa bili, na milango mingine imefungwa kabla hata hawajabisha hodi. Hao ni wasaidizi wa utafiti wa kutibu maji ya kunywa. Hawakati maji ya mtu wala hawatozi faini.

Uwanda wetu una historia ndefu na maji. Udongo wa kichanga hunywa mvua yote, na maji hayo hutokea tena chini kabisa, mabondeni na kwenye miguu ya uwanda. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi wenyeji walivyoyafuata maji mbali na makazi yao. Miaka ya 1950 ukaanza mradi wa Makonde wa kuyasukuma maji kutoka mabondeni kuyapandisha uwandani, na hadi leo visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ni tegemeo kubwa. Masasi na Nachingwea nako wanatazama chemchemi za Mbwinji. Kwa historia hiyo si ajabu kwamba swali letu la kwanza limekuwa daima, "Maji yametoka?" Vijana hawa wanakuja na swali la pili: yaliyotoka yanafaa kunywewa, na yanabaki hivyo mpaka yanapofika kwenye kikombe?

Hapo ndipo ukarimu wetu unapoleta shida. Mgeni akiingia, mwenye nyumba hakubali kumpa maji ya mtungi unaotumiwa na watoto. Atatuma mtoto kwa jirani, atachukua yale yaliyochemshwa jana, ataisuuza bilauri mara mbili. Ni adabu njema, wala sitaki tuiache. Lakini msaidizi wa utafiti akiyajaza maji hayo kwenye chupa yake, amepima heshima ya nyumba, hakupima maji yake. Maabara itasema kata nzima iko salama, na watoto wataendelea kuharisha. Kwa hiyo akiomba maji ya kupima, mpeni maji mnayokunywa ninyi, kwa kata ileile na kutoka chombo kilekile. Yale mazuri mpeni ayanywe, maana naye huwa amechoka na jua.

Sasa tazameni chupa hiyo inakwenda wapi. Imetakaswa kabla ya kuletwa, na kama ni ya kupimia maji ya bomba, ndani yake mmewekwa dawa kidogo ya kuizima klorini isiendelee kuua vijidudu njiani. Ndiyo maana kijana hukataa kuisuuza, hata mwenyeji akisisitiza. Klorini yenyewe huipima papo hapo: maji yakitiwa kidonge maalumu na kugeuka rangi ya waridi, dawa bado ipo. Chupa huwekwa kwenye barafu, kwa kuwa sampuli inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 6, na ikishindikana isipite saa 24. Anayeifahamu barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, ataelewa kwa nini kijana huyo hana muda wa kukaa kitako.

Maabara huchuja mililita 100 za maji kwenye karatasi yenye matundu madogo kuliko bakteria. Karatasi huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, katika joto la nyuzi 44 hivi, mpaka kesho yake. Bakteria mmoja aliyenaswa huzaliana mpaka akawa doa linaloonekana kwa macho. Msaidizi huhesabu madoa. Kwa bakteria wa kinyesi waitwao E. koli, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni sifuri. Hakuna cha "wachache tu".

Kuna na jaribio la magudulia, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Maji yenye tope hugawiwa katika magudulia sita yaliyo sawa, kila moja likatiwa shabu kwa kipimo tofauti. Hukorogwa kwa kasi dakika moja hivi, kisha polepole kama dakika ishirini, kisha huachwa yatulie. Chembe za udongo husukumana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana tope haliketi chini. Shabu huondoa kusukumana huko, zikashikana na kuzama. Gudulia lililong'aa kwa shabu kidogo kabisa ndilo linaloonyesha kipimo kinachofaa. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi inayofanana na hiyo, na watafiti wamelithibitisha. Hata hivyo haziui vijidudu vyote, na maji yake yakikaa siku mbili huanza kunuka. Yaliyong'aa bado yanahitaji kuchemshwa, au kutiwa klorini na kusubiriwa nusu saa.

Nije kwenye visima vyetu vya saruji vya kuvunia mvua. Maswali ya hapa hayawezi kujibiwa na utafiti wa mahali pengine. Ngurdoto, mkoani Arusha, wanatafiti namna ya kupunguza floridi kwa mkaa wa mifupa, kwa sababu ndilo tatizo la ardhi yao. Sisi tuna salfa inayopuliziwa mikorosho kuzuia ubwiri unga, tuna vumbi la miezi mirefu ya kiangazi, tuna kinyesi cha ndege juu ya bati, halafu mvua ya kwanza inayaosha yote hayo kuyaingiza kisimani. Maji ya mwanzo yamwagwe kiasi gani kabla ya kufungulia kisima? Ndoo yenye kamba inayolazwa chini inachafua maji kwa kiasi gani? Majibu yatatoka katika visima vya hapa hapa, vikipimwa mvua baada ya mvua.

Vijana, kazi hii inataka Kemia, Baiolojia na Hisabati, na Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, kinafundisha mafundi wa maabara za maji. Nisiwadanganye: mara nyingi ni mkataba wa miezi, na kutembea ni kwingi. Sifa yake kubwa ni uaminifu wa kuandika namba iliyoonekana, hata ikiwa inamwudhi aliyekutuma. Kijana anayezungumza Kimakonde, Kiyao au Kimakua na bibi mwenye mtungi ana faida ambayo mgeni kutoka mbali hana.

Kwa upande wenu, mna haki zenu. Mtafiti aje na barua ya utambulisho, na Mtendaji awe amearifiwa. Aeleze anachotafuta kabla ya kuchota. Mnaweza kukataa, na hakuna huduma mtakayonyimwa kwa kukataa. Mwulizeni pia majibu yatarudi lini na kwa njia gani, na Mtendaji aliandike jibu lake kwenye daftari la ofisi, ili siku hiyo ikipita mjue wa kumwuliza.

Nakaribisha maswali, nikianza na kina mama wa kule nyuma.